Mume wa Kijani

Mwezi uliopita niliteleza kwenye ngazi za kazini nikateguka kifundo cha mguu, na uvimbe ulipopungua daktari akaniambia nitafute mipira ya mazoezi, ile mirefu mipana kama utepe, inayovutika. Nilipochana pakiti nyumbani, kabla hata sijakunjua kitu, harufu ikanifikia: harufu ya puto jipya lililopakwa poda. Nikakaa chini pale pale sakafuni. Mume wangu aliuliza kama mguu umeuma tena. Nikamwambia hapana, namkumbuka mama.

Mama alikuwa msusi. Tulikaa Mpanda, chumba na sebule, na mbele ya nyumba baba alikuwa amemjengea kibanda cha bati chenye benchi moja na kioo kilichopasuka kona. Wanawake walitoka mbali kumfuata mama. Alisuka rasta, alisuka yebo yebo, alisuka watoto wa shule twende kilioni zikanyooka utadhani zimepigwa rula. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Kichwa kilikuwa hakiumi hata ukilala siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nacheza chini ya benchi kati ya miguu ya wateja, nikisikia habari za mji mzima zikipita juu yangu, pamoja na harufu ya mafuta ya nywele na ya rasta zinazochomwa ncha.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Alishuka Ikola, ziwani, akanunua kwa wavuvi, akaanika, akaja kuuza Mpanda. Alikuwa na pikipiki nyekundu aliyoipenda kupita kiasi, akiifuta vumbi kwa fulana zake mwenyewe mama akilalamika. Alikuwa mtu wa kucheka. Akiingia nyumbani, nyumba ilijaa.

Siku ya ajali mimi sikuwepo. Walikuwa wamekwenda Sitalike kuhani msiba, wakaniacha kwa jirani. Wakati wa kurudi, ngiri na watoto wake walikatiza barabara, mikia imesimama wima kama kawaida yao, baba akakwepa, tairi la mbele likazama kwenye mchanga. Baba alichubuka kiganja tu. Mama aliangukia bega la kulia na mfupa wa juu wa mkono ukavunjika, karibu kabisa na bega. Hayo niliyasikia kwa wateja waliokuja kumpa pole. Jambo moja walilirudia kwa sauti ya chini wakidhani sisikii: kwamba mama alikuwa amemwambia baba apunguze mwendo, na baba akacheka.

Mkono ulifungwa na kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa. Bibi, mama yake mama, akapanda gari kutoka Majimoto na gunia la mchele wake, akaja kutupikia. Baba alikaa nasi mwanzoni. Lakini hakuwa baba yule. Alizungumza na mama kwa adabu, kama mgeni aliyekuja kuomba kitu. "Mama Skola, nikuletee maji?" "Mama Skola, mto umekaa vizuri?" Mama alijibu "ahsante", naye akatoka nje akasimama. Halafu asubuhi moja akasema dagaa hawawezi kusubiri, akaondoka kwenda Ikola. Pikipiki aliiacha imefunikwa turubai nyuma ya nyumba, akapanda lori.

Kutoka Ikola alipiga simu. Nyie mliokua wakati wetu mnazikumbuka simu zile za kitochi, moja ikizunguka nyumba nzima, kila mtu anapokea. Aliuliza mkono unaendeleaje, mama akasema "upo," akaulizia mtoto, mama akasema "yupo," kisha wote wawili wakanyamaza huku salio likiisha. Alituma dagaa kwa watu wa magari, wazuri, wakavu, wasio na mchanga hata punje. Yeye mwenyewe hakuja.

Kitambaa kilipotolewa, tulidhani mambo yamekwisha. Lakini mkono haukupanda. Mama alijaribu kuuinua na ukaishia kifuani, unatetemeka, jasho linamtoka puani. Ulikuwa umekonda, umekuwa mdogo kuliko mwenzake. Wateja waliokuwa wanamsubiri walimwangalia, wakamwambia pole, wakaenda kusukwa kwingine. Hakuna aliyewalaumu. Mtu ana harusi, hawezi kusubiri bega la mwenzake.

Bibi magoti yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo siku ya kurudi hospitali nilikwenda na mama mimi. Walitupeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Alimshika mama bega, akaupeleka mkono huku na huku taratibu, akimwangalia usoni badala ya kuangalia bega. Kisha akafungua kabati, akatoa mpira wa kijani uliozungushwa kama kitambaa dukani, akapima kwa urefu wa mikono yake, akakata kwa mkasi. Poda ikaruka. Ndipo harufu ile iliponiingia kwa mara ya kwanza.

"Mama, nisikilize vizuri," akasema. "Kuanzia leo huyu ndiye mume wako. Unaamka naye, unalala naye. Ukimwacha siku mbili tatu, bega linagoma, na likigoma kulibembeleza ni kazi."

Mama akacheka. Alikuwa hajacheka tangu ajali. Aliziba mdomo kwa mkono wa kushoto, machozi yakamtoka, na yule dada akacheka naye hadi kiti kikalia.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na umri ule ambao mtu mzima akisema jambo, basi limeshakuwa. Padri alikuwa amesema maneno machache kanisani na shangazi yangu akawa mke wa mtu jioni ile ile. Na yule dada, daktari kwa macho yangu, alikuwa mkubwa kuliko padri, kwa sababu alivaa koti jeupe siku zote na siyo Jumapili tu. Nilitembea nyuma ya mama njia nzima kurudi nyumbani, nikiuangalia mfuko wa plastiki aliouning'iniza kwenye kidole, nikijiuliza baba ataambiwa na nani.

Na nyumbani kila kitu kilithibitisha. Asubuhi bibi aliweka kitambaa cha maji moto begani kwa mama, kisha akamuuliza, "Umeshamwamkia mume wako?" Mama alifunga ncha moja kwenye nondo ya dirisha, akabana kanga iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu kama alivyofundishwa, akavuta kuelekea nje, polepole, kisha akaurudisha polepole zaidi. Yule dada alikuwa amekazia hapo: usiuache mpira urudi kwa fujo, wewe ndiye uurudishe. Mama alivuta huku ameuma meno. Wakati mwingine alisema, "Unaniumiza wewe," na mara nyingine, akimaliza, aliupapasa akasema, "Haya, ahsante." Aliuosha, akauanika kivulini, na akilala aliuweka chini ya mto, kwa sababu panya wa nyumba ile walikula hata sabuni. Mimi sikufikiria panya. Niliona tu nani analala chini ya mto wa mama, upande aliokuwa akilala baba.

Sasa mimi ni mtu mzima, na nikiyafikiria yale naona sikukosea sana. Nilikosea jina la kitu, lakini kitu chenyewe nilikiona. Upande ule wa kitanda ulikuwa wazi. Watu wazima walifanya mzaha juu ya nafasi ile ile ambayo hakuna aliyethubutu kuizungumzia, na mtoto, ambaye hajui mzaha unaishia wapi, ndiye aliyeingia mzima mzima.

Simu iliita jioni moja, mama akiwa bafuni na bibi akiwa jikoni nje. Nikapokea.

"Skola! Hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

Nilifikiri kidogo. Nilikuwa nimefundishwa kutosema uongo.

"Anaoga. Alikuwa na mume wake, wamemaliza sasa hivi."

Nilisikia upepo wa ziwa kwenye simu, na watu wakiitana mbali.

"Umesema nani?"

"Mume wake. Yule waliyempa hospitali. Wa kijani."

"Wa kijani?"

"Eeh. Analala naye. Asubuhi bibi anamuuliza kama ameshamwamkia."

"Bibi yako anamjua?"

"Bibi anampenda sana. Anasema bila huyu mama asingepona."

Mtandao ukakata, au baba akakata, sijui. Nilirudisha simu juu ya kabati na kwenda kula, na moyo wangu ulikuwa mwepesi. Nilijua sasa baba ameambiwa, na kwamba hakuambiwa na mtu wa nje.

Kesho yake mchana baba aliingia uani akinuka dagaa na vumbi la lori, macho mekundu. Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye mkeka. Baba alimpita. Hakusema shikamoo. Kwetu mkwe kumpita mama mkwe wake bila salamu ni jambo ambalo sijapata kuliona tena, na bibi mwenyewe alibaki ameinua mkono wenye mchele, mdomo wazi.

"Yuko wapi?" baba akauliza akiwa ameshafika mlangoni.

"Yumo ndani," bibi akasema. "Anafanya..."

Baba alishaingia. Nikamfuata, nikajificha nyuma ya pazia la mlango.

Mama alikuwa amesimama dirishani, amempa mgongo, mpira wa kijani umenyooka kutoka kwenye nondo hadi kwenye kiganja chake. Gauni limelowa jasho mgongoni. Hakugeuka.

"Usinisemeshe," akasema, akidhani ni bibi. "Nikipoteza hesabu nitaanza upya."

Baba akasimama. Aliangalia kitandani, akaangalia nyuma ya mlango, akaangalia mkono ule mwembamba unavyotetemeka ukienda nje na kurudi, ukienda nje na kurudi. Mama alipomaliza akageuka. Wakatazamana.

"Umekuja," mama akasema.

"Nimekuja. Mwanaume yuko wapi?"

"Mwanaume gani?"

"Mtoto kaniambia. Wa hospitali. Anavaa kijani. Njia nzima nafikiria ni askari wa mbugani. Nimewahesabu wote ninaowafahamu."

Mama akaniona miguu chini ya pazia, akaangalia mpira mkononi mwake, na nikaona jambo linampanda usoni taratibu. Alicheka hadi akashindwa kusimama, akakaa chini ameegemea ukuta, akamnyooshea baba ule mpira. "Huyu hapa. Msalimie mwenzako." Nje bibi naye alikuwa ameelewa, akawa anapiga mapaja na kuita jina la Bikira Maria.

Baba hakucheka. Aliupokea mpira, akauvuta kidogo kati ya vidole, ukarudi. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mabega yamelegea kama gunia lililofunguliwa kamba.

"Nilidhani umechoka kunisubiri," akasema.

"Nimechoka," mama akasema. Kicheko kilikuwa kimeisha. "Sijatafuta mtu, lakini kuchoka nimechoka. Mbona hukuja?"

"Kila nikiuangalia huo mkono nasikia sauti yako ikisema punguza mwendo."

"Mimi nimekulaumu lini?"

"Hujanilaumu hata siku moja. Unasema ahsante tu. Ungenitukana ningekaa, Yustina."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita mama kwa jina lake.

"Haya basi," mama akasema. "Nilikwambia punguza mwendo. Nilikwambia mara mbili. Ukacheka ukaniambia mimi ni mwoga. Mkono wangu ndio kazi yangu, Baba Skola, ukauangusha kwenye mchanga, halafu ukaniachia niuangalie peke yangu. Nimeumia. Bega limeniuma, lakini siyo bega peke yake." Alipangusa uso kwa mkono wa kushoto. "Basi, nimesema. Sasa uko hapa, shika huku. Lile dirisha linanilazimisha kusimama vibaya."

Baba akashika ncha. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika mpira. Mama alivuta. Mimi nilitoka nyuma ya pazia nikaenda kukaa karibu na mguu wa baba, na hakuna aliyenifukuza.

Hakurudi Ikola msimu ule. Aliuza dagaa aliokuwa nao, kisha akawa anawanunua kwa watu waliowaleta Mpanda, faida ndogo, lakini alikuwepo. Kila asubuhi alishika ncha ya mpira. Mwanzoni alishika kama mtu anayevutana na ng'ombe, mama akamkaripia, akajifunza kulegeza. Nami nikaeleweshwa kwamba mpira si mtu, ingawa kwa muda mrefu niliendelea kuuheshimu.

Halafu ukakatika. Ulikatikia katikati, ncha ikamchapa baba mdomoni, na mama akapepesuka. Baba akaona hakuna shida, akachukua tyubu kuukuu la pikipiki, akakata kipande kirefu cheusi. Kilikuwa kigumu. Mama hakutaka kumvunja moyo, akavuta siku ile na siku iliyofuata, na siku ya tatu bega likavimba, mkono ukarudi kifuani pale pale ulipoanzia. Alilala ameugeukia ukuta. Nilimsikia akimwambia bibi kwamba kitana, mafuta na rasta zilizobaki azigawe, kuliko zikae zikimwangalia. Bibi akasema atazigawa kesho. Kesho yake akasema kesho.

Baba alikwenda hospitali peke yake. Alituambia baadaye jinsi yule dada alivyomsema mbele ya wagonjwa wengine. "Mpira wa pikipiki? Wewe ungempa mtoto aliyeachishwa ziwa jana muhindi wa kuchoma?" Akamweleza kwamba mipira ina daraja, unaanza na laini, na maumivu ya kuvuta si sawa na maumivu ya kuchoma. Ya kuvuta unaendelea nayo, ya kuchoma unaacha hapo hapo. Akamkatia kipande kingine, cha njano, laini kuliko cha kwanza. Baba aliuleta ameukunja ndani ya leso safi. Mama alikataa kugeuka. Baba akakaa nyuma yake kitandani, akaweka ncha moja ya mpira kwenye kiganja cha mama kilichokuwa wazi, yeye akashika nyingine. Tulikwenda jikoni na bibi tukawaacha. Wali ulipoiva nilitumwa kuwaita, nikamkuta mama amekaa wima, anavuta kidogo kidogo, upana wa vidole tu, na baba akiurudisha naye.

Kutoka hapo ilikuwa safari ya kobe. Kichwa cha kwanza alichosuka kilikuwa changu. Mistari ya pembeni aliiweza, lakini alipofika utosini mkono ulichoka ukaanza kushuka. Baba akasimama nyuma ya mama, akaweka kiganja chini ya kiwiko chake, akakibeba. Wakaendelea hivyo, vidole vya mama vikisuka na baba akibeba kiwiko, akisogea kila mama anaposogea. Wateja walipoanza kurudi, mmoja mmoja, walimkuta hapo. Walicheka wakamwita fundi msaidizi. Wanaume wenzake walimtania sokoni hadi wakachoka wenyewe. Mama aliwakalisha wateja chini kwenye mkeka badala ya benchi, ili vichwa viwe chini, na kazi ikaenda.

Baba hayupo tena sasa. Mama yupo, na mkono wake haukurudi wote. Hawezi kufunga gauni mgongoni, na mvua ikikaribia anaijua kabla ya redio. Lakini ukiniuliza alipona lini, nitakwambia siku ile ya masika ambayo hakuna aliyeipanga.

Baba alikuwa ameacha gunia la dagaa nje na mvua ikawanyeshea. Mama aliingia jikoni amewaka. Alimwambia dagaa wa Ikola wametembea njia yote ile waje kuozea mlangoni kwake, alimwambia hata Skola asingefanya vile, alimwambia hana akili. Huku akisema alitaka ungo wa kuwatandazia karibu na moto, na ungo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari juu ya mlango. Akanyoosha mkono akautoa. Mkono wa kulia. Ulikwenda juu, ukapita sikio, ukapita kichwa, ukafika kwenye msumari na kushuka na ungo, na yeye bado anasema.

Bibi aliacha kukoroga uji. Mimi nilisimama. Baba alikuwa mlangoni, maji yanamchuruzika kutoka kwenye nywele, anamwangalia tu.

Mama akanyamaza. Alituangalia mmoja baada ya mwingine, ungo mkononi.

"Mnaniangalia nini?"

Baba alijipangusa uso kwa kiganja, mvua na vingine vyote.

"Endelea, Mama Skola," akasema. "Ulikuwa umefika pale kwenye akili."